Trekta Yetu Hailimi

Tunaandika kutoka Buffalo, kaskazini ya Marekani, kando ya ziwa Erie. Sisi ni wamama 14 wa likelemba moja. Wengi tulitoka Bukavu na Uvira, wawili Goma, mmoja Kalemie.

Mwezi uliopita tulituma nyumbani picha ya trekta yetu nyekundu, mmoja wetu akiwa juu yake na kofia ya sufu mpaka kwenye macho. Majibu yalikuja siku ile ile. Mama mmoja alicheka mpaka akakohoa: "Ee wadada, huko muko na hekta ngapi? Munalima nini ndani ya barafu?" Mwingine, ambaye tunamjua kwa kuhesabu feza vizuri, hakucheka. Aliuliza kwa nini wanawake wanaokaa mjini, wasio na hata kashamba ka mihogo, walitoa dolari 1,900 kwa mashine ya shamba. Ni swali la haki. Nusu ya feza hiyo ilitoka katika kisanduku chetu cha matanga, na kisanduku hicho kimezika ndugu zenu pia. Basi tunajibu.

Kwanza mjue ziwa lenyewe. Ziwa Kivu linatupa sambaza, Tanganyika linatupa ndagala. Erie, mwezi wa 11 na wa 12, linatupa theluji. Wakati huo maji yake yangali na joto kidogo la miezi ya jua, na hewa kali ya baridi inapita juu yake. Hewa inanyonya unyevu, inapanda, inapoa, na ikifika kwenye nchi kavu inatua mzigo wote katika ukanda mwembamba, hata mtaa mmoja unazikwa na mtaa wa pili unaona jua. Kwa mwaka wa kawaida mji huu unapata karibu mita 2 na nusu za theluji, kidogo kidogo, tangu Novemba mpaka Aprili. Lakini Novemba 2022, fasi inayoitwa Orchard Park, kusini ya mji, ilishuka mita 2 kwa siku chache tu. Mwezi uliofuata, siku za Noeli, tufani ya upepo na theluji iliua watu zaidi ya 40 katika mji na pembeni yake, na magari ya kuokoa watu yakakwama yenyewe. Tuseme wazi: siku kama zile hakuna trekta ya kumsaidia mtu. Unafunga mlango, unakaa na wako. Trekta ni ya zile siku zingine zote, za sentimita 15, 20 ao 30, wakati kazi inaendelea, watoto wanaenda masomo, na mwenye kuchelewa anaandikwa.

Sasa Koko. Katika likelemba yetu kuko mama mzee ambaye sote tunamwita Koko, hata wale wasio wa ukoo wake. Anakaa katika nyumba ndogo ya nyuma. Mitaa ya zamani ya huku iko hivyo: nyumba kubwa kwenye barabara, nyingine ndogo nyuma yake, na pembeni kichochoro kirefu cha kupitisha gari moja. Toka mlango wa Koko mpaka barabarani ni mita 40. Mafigo yake hayafanyi kazi tena, kwa hiyo mara tatu kwa juma, saa kumi na moja ya alfajiri, gari linakuja kumpeleka kusafishwa damu. Dereva anangoja dakika chache. Kichochoro kikifungwa na theluji haingii, na asipomwona mtu anaenda kuchukua wengine.

Mwaka ule tulikuwa tumemlipa mtu mmoja mwenye pikapu na bamba la kusukuma theluji, msimu wote, feza mbele. Usiku mmoja wa Januari ilishuka sentimita 35. Tulimpigia simu tangu saa tisa ya usiku, akafika saa tisa ya mchana. Alfajiri ile tulikuwa watano na mabeleshi mawili. Tulipoona hatutamaliza, tulimfunga Koko ndani ya mablanketi, tukamkalisha kwenye kiti, na wanne tukambeba kama vile tulivyobeba wagonjwa kwa kipoyi kule milimani. Katikati ya njia mmoja wetu aliteleza, akavunjika mkono. Koko hakuanguka, tulimshika. Lakini tulipofika barabarani gari lilikuwa limeenda. Usiku wa pili yake uso na miguu vilikuwa vimevimba na pumzi haitoshi, ambulansi ikamchukua, akalala hospitali siku mbili. Aliporudi alituambia, bila kukasirika: "Mimi sikukimbia vita ili nife kwenye korido."

Neno hilo ndilo lililonunua trekta. Mengine yote ni hesabu.

Na hesabu tulifanya. Kichochoro cha mita 40 kwa mita 3, theluji ya sentimita 30, ni mita za ujazo 36. Theluji nyepesi, ile ya baridi kali, mita moja ya ujazo inaweza kupima kilo 100. Ni kilo 3,600, yaani mifuko 72 ya kilo 50. Mnawajua wamama wanaobeba mizigo kwa kamba ya kipaji cha uso kule Kadutu; hata wao hawawezi kupewa mifuko 72 mbele ya chai. Na theluji ikilowa inapima mara tatu. Tena sisi tuko na vichochoro vitatu vya namna hiyo, pamoja na uwanja wa magari wa nyumba tunamokutania. Wengi wetu tunafanya kazi ya usiku. Wanaobaki nyumbani alfajiri ni wenye miaka 50 na zaidi, wenye migongo iliyochoka.

Kama ungekuwa mlango mmoja tu, tungewashauri tofauti: nunueni ile mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono, inayorusha theluji pembeni, mwachane na matrekta. Ni rahisi, inaingia hata chini ya ngazi. Jamaa moja mwenye kichochoro cha mita 10 hana sababu ya kupanda trekta, hata kama jirani anayo. (Kuko baba mmoja huku aliyenunua kubwa kwa ajili ya kuonekana. Iko chini ya hema, inangoja mjukuu.)

Trekta yetu ya kwanza hatukuwatumia picha. Ilikuwa na rangi inayong'aa, dolari 900, na muuzaji alisema nguvu za farasi 22. Tukasikia 22 tukafikiri ni simba. Tukafunga mbele bamba la sentimita 107. Theluji ya kwanza, sentimita 10 na nyepesi, ilienda inaimba, na sisi tukapiga vigelegele barabarani mpaka majirani wakafungua madirisha. Ya pili ilikuwa sentimita 25 na yenye maji. Pine za nyuma zilizunguka fasi moja kama mtu anayecheza ngoma peke yake. Tukamwambia kijana mmoja asimame nyuma ili kuongeza uzito. Msifanye hivyo kamwe, alikaribia kuanguka chini ya gurudumu. Mwezi wa pili sanduku la gia likapata moto, likaacha kupanda hata kile kimwinuko kidogo cha kutokea barabarani. Tukaiuza dolari 250. Juma lile mikutano yetu ilikuwa mifupi.

Aliyetufungua macho ni mzee jirani, fundi wa zamani wa mashine za shamba. Alitandika makartoni chini, akatulalisha juu yake wote, mmoja mmoja, na tochi mkononi, tuangalie tumbo la trekta. Alisema watu wananunua kofia na hawaangalii miguu.

Miguu ni hii. Trekta ya nyasi, ile ya watu wengi, imetengenezwa ili kukaa juu ya kisu cha kukata majani na kumbeba mtu mmoja kwenye udongo wa sawasawa. Inapima karibu kilo 200. Bati la shasi yake ni jembamba, na sanduku lake la gia mara nyingi limefungwa kiwandani. Likichoka hulifungui, unalitupa. Kusukuma ni kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Trekta ya bustani kwa mbali inafanana nayo kabisa, hata bei ya mtumba wakati mwingine ni ile ile, lakini shasi ni nene, ekseli ya nyuma ni nzito, pine za nyuma ni kubwa, na nyingi zinapita kilo 350. Hiyo imetengenezwa ili kuvuta na kusukuma. Ya tatu ni trekta ndogo ya kweli, ya mazutu, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Hiyo inafanya kila kitu, lakini ikiwa mpya bei yake inapita dolari 10,000, basi tuliisalimia tukapita. Na kuko zile mashine za kukata nyasi zinazogeuka fasi moja, zisizo na usukani. Kwenye theluji zinateleza kama sabuni.

Kwa hiyo tukaacha kuuliza nguvu za farasi. Maulizo yetu yakawa: inapima kilo ngapi, na uzito uko mbele ao nyuma? Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayovuta, na bamba likifungwa mbele linazidi kuinamisha pua na kupunguza uzito nyuma. Lazima urudishe: vyuma vya duara ndani ya magurudumu, sanduku la mchanga nyuma ya kiti. Wengine wanatia maji ndani ya pine. Maji matupu yataganda, wanatia yale ya kuoshea vioo vya magari, yasiyoganda kwa baridi. Na juu ya yote, minyororo kwenye pine za nyuma. Trekta nzito bila minyororo ni ng'ombe juu ya barafu. Swali la mwisho ni la kile kifaa kinachogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia: je, kuko namna ya kukifunga, magurudumu yote mawili yavute pamoja? Bila hiyo, gurudumu lenye kuteleza linakula nguvu yote na mwenzake anaangalia tu.

Halafu kukaja mabishano ya bamba na kirushio. Kirushio ni kinywa kikubwa cha chuma kinachokula theluji na kuitupa mbali, mita nyingi. Vijana walikitaka. Na kweli, mahali penye theluji ndefu kila juma, kirushio kinashinda, kwa sababu bamba halitoi theluji, linaisogeza tu. Lazima uwe na fasi ya kuiweka. Ukisukuma kivivu mwezi wa 12, ukuta unaganda pembeni, na mwezi wa pili gari halipiti tena. Lakini kirushio kinaomba mota yenye nguvu zaidi, kiko na mikanda na pini za kukatika, kinameza mawe ya uwanja wetu na kuyatupa kwenye vioo vya watu. Bei yake peke yake ingekula karibu feza yote. Tena kinakula vidole. Kinapozibika, mtu anazima mota na kuingiza mkono, na visu vilivyokuwa vimebanwa vinajiachilia na kuzunguka mara moja. Ni fimbo inayoingizwa, si mkono, hata mota ikiwa imezimwa. Tuliangalia mikono yetu, mikono inayosuka, inayosonga bugali, inayohesabu likelemba. Tukachagua bamba. Fasi ya kuweka theluji tuko nayo: mwisho wa kichochoro, nyuma ya nyumba ya Koko, kuko kiwanja kitupu, na mwenyewe ameruhusu.

Ilibaki feza. Tulikuwa na zile 250 za ile ya kwanza, tukachanga 700. Mzee alikuwa ametupatia trekta ya bustani ya zamani, ya miaka zaidi ya 25, pamoja na bamba, minyororo na vyuma vya magurudumu: 1,900. Ilipungua 950, na zilikuwa katika kisanduku cha matanga.

Mama wetu wa hazina alisimama. Tunamheshimu, na tunaandika maneno yake kwa ruhusa yake. Alisema kisanduku cha wafu hakiguswi, kwamba mwaka uliopita tulizika watatu, wawili nyumbani na mmoja huku, na kwamba kifo hakitumi barua ya kutangulia. Tulipoteza 650 juu ya rangi inayong'aa. Ni nani atasema kwamba hatupotezi tena? Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu alikuwa na haki. Tulikaa kimya mpaka chai ikapoa. Ndipo yule aliyevunjika mkono, bado na kovu lake, akauliza polepole: "Mama, tunataka kumzika Koko vizuri, ao tunataka kumtoa nje?"

Kura zilikuwa 9 kwa 5. Tuliandika kwamba ni deni na si zawadi, na kwamba kila senti itarudi.

Mbele ya kulipa tulifanya yale mzee aliyotufundisha, na tunayaandika hapa kwa sababu kuko jamaa zenu Canada na fasi zingine za baridi ambao watayahitaji. Tulifika asubuhi bila kutangaza saa, ili tuikute mota ikiwa baridi. Muuzaji anayeipasha moto mbele yako anaficha kitu. Tuliiwasha, ikakohoa, ikashika. Tuliweka bamba juu ya ukuta wa mawe, tukaisukumiza polepole: magurudumu yakakwaruza chini, mota haikufa. Hiyo ndiyo alama nzuri. Kama magurudumu yangesimama na mota ikalia tu, gia zimechoka. Tuliangalia chini kama mafuta yanadondoka, tukapapasa shasi karibu na ekseli kama kuna ufa ao fasi iliyounganishwa kwa moto. Tukauliza kama vipuri vyake bado vinapatikana, kwa maana trekta ya zamani bila vipuri ni sanamu. Kiti kimepasuka, rangi imekwisha. Hatukujali.

Sasa ni msimu wa pili tuko nayo. Tumeondoa kisu cha majani chini ya tumbo kwa ajili ya baridi, tumetia mafuta mepesi ya mota yasiyokuwa mazito kama asali asubuhi, batri analala ndani ya nyumba pamoja nasi kama mtoto. Hatuiwashi ndani ya garaje iliyofungwa hata dakika moja, moshi wake hauna sauti wakati unaua. Ratiba iko ukutani: wawili kila usiku wenye theluji, mmoja anaendesha, mwingine anatembea mbele na tochi akitazama ngazi, watoto, na bomba la wazima moto ambalo ni marufuku kulifunika. Tunatoka sentimita 10 zikifika, hatungoji 30. Kupita mara tatu kwa mzigo mwepesi ni bora kuliko mara moja kwa kupigana. Mwisho kabisa tunakata lile tuta ambalo gari la mji linaacha kwenye mdomo wa kichochoro linaposafisha barabara. Lile tuta ni gumu kama saruji, na ndilo lilikuwa linamfungia Koko kuliko theluji yenyewe.

Kwenye trekta hakuna kikwembe. Hilo lilileta maneno zaidi kuliko feza, lakini kitambaa kirefu na mnyororo unaozunguka havipatani, na tulikata hivyo katika mkutano.

Wakati wa joto vijana wanarudisha kisu, wanakata nyasi za majirani kwa malipo, na nusu inaingia kisandukuni. Kati ya zile 950 tumerudisha 650. Mwezi wa tisa tulipata msiba Uvira, kisanduku kilikuwa na upungufu, tukachanga tena kwa haraka, kila mmoja dolari 25. Jamaa ya marehemu inajua, na mama wa hazina hakutuambia "niliwaambia", ingawa angeweza. Deni lililobaki ni 300. Mkanda mmoja unaanza kupiga kelele na utaomba kubadilishwa mbele ya Noeli.

Koko hajakosa siku hata moja tangu tuinunue. Anaamka mbele yetu, anakaa dirishani na chai, na mwenye kuendesha akiacha kipande cha theluji anagonga kioo kwa kijiko na kuonyesha kwa kidole.

Juma lijalo, kama theluji itashuka, mama wa hazina ataanza kujifunza kuendesha. Amekwisha kununua suruali.